Umepata Kitu cha Kale Shambani? Usichimbe Zaidi, Toa Habari

Pwani ya Kwale, kuanzia Tiwi hadi Vanga, ina nyumba kuukuu, magofu ya misikiti, makaburi ya mawe na mahame ya watu walioishi hapa karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo si ajabu jembe la mkulima wa Msambweni kuibua kigae cha sahani yenye maua ya buluu, au fundi anayechimba msingi Diani kukuta ukuta wa matumbawe chini ya mchanga.

Wako pia wanaokwenda kutafuta kwa makusudi. Huja na mashine ya kutambua vyuma, sururu na tochi, wakachimba kando ya nyumba ya zamani wakitarajia dhahabu, sarafu au vyombo vya kuwauzia wageni. Wengi hawajui kwamba kazi hiyo inahitaji leseni, hata kama shamba ni lao. Pia hawajui kwamba kwa kuchimba hivyo wanaharibu kitu chenye thamani kubwa kuliko kile wanachokitafuta.

Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, sababu zake, na hatua ambazo mkazi anafaa kuchukua akipata kitu cha kale.

Ardhi yenye kumbukumbu

Mfano mzuri ni Gazi. Baada ya Sultani Seyyid Said kuwaondoa Wamazrui katika utawala wa Mombasa mwaka 1837, tawi moja la ukoo huo lilihamia Takaungu na jingine likaja Gazi. Hapa ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid alipojenga makao yake. Mwaka 1895 Mbaruk aliingia vitani dhidi ya Waingereza. Mwezi Agosti mwaka huo ngome yake ya Mwele, katika milima ya Shimba, ilivunjwa, na mwezi Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia uhamishoni Dar es Salaam mwaka 1910. Nyumba yake kubwa ilibaki Gazi, na baadaye ikatumika kama shule.

Ukisonga kusini unafika Shimoni. Huko kuna mapango yanayokumbusha biashara ya watumwa, pamoja na jengo la Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888. Ng'ambo ya maji, Wasini, kuna magofu na makaburi ya zamani. Kaskazini, penye mlango wa mto Mwachema, unasimama msikiti wa kale wa Kongo. Katikati kuna kaya za Wadigo, ikiwemo Kaya Kinondo, ambayo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008.

Kila mahali palipokaliwa na watu kwa muda mrefu pana jaa. Pana kisima kilichofukiwa, majivu ya jikoni, mifupa ya samaki na mbuzi, shanga zilizokatika uzi na vyungu vilivyovunjika. Mtafuta dhahabu huvitupa vitu hivyo pembeni. Kwa mtaalamu wa mambo ya kale, hivyo ndivyo vyenye habari.

Vigae vilivyoipa dunia jina la Kwale

Katika miaka ya 1960 mtaalamu Robert Soper alichimba mahali karibu na mji wa Kwale na kupata vyungu vilivyovunjika pamoja na dalili za watu waliojua kufua chuma. Alichapisha matokeo yake mwaka 1967. Vyungu hivyo vilikuwa na kingo za namna ya pekee, na umri wake ulikadiriwa kuwa wa karne za mwanzo baada ya Kristo, takriban karne ya 3.

Baadaye vyungu vya aina hiyo vilitambuliwa katika sehemu nyingine za pwani na hadi milima ya Usambara na Pare nchini Tanzania. Wataalamu wakavipa jina la mahali vilipopatikana kwanza. Leo, katika vitabu vya historia ya Afrika Mashariki, vyungu hivyo vinaitwa vyungu vya Kwale, na ni miongoni mwa ushahidi mkuu kwamba wakulima na wafua chuma walikuwa wamekaa katika milima yetu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Sokoni, vigae hivyo havingeuzwa hata kwa shilingi kumi. Thamani yake ilitokana na mambo matatu: vilikutwa mahali pake, vikiwa pamoja na vitu vingine vya wakati mmoja, na kila hatua ya uchimbaji ikaandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa vitu vya kale, udongo ndio daftari.

Daftari hilo husomwa kwa tabaka. Udongo hurundikana juu ya udongo, na kwa kawaida lililo chini ni la zamani kuliko lililo juu. Chukua kiwanja cha nyumba ya miaka 150. Juu kabisa utakuta vizibo vya soda na plastiki. Chini yake huenda kukawa na senti ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati. Chini zaidi kunaweza kuwa na rupia, na chini ya hapo vigae vya wakati ambapo nyumba haijajengwa. Kipande cha mkaa kilicholala kando ya kigae kinaweza kupimwa maabara ili kujua mti ulioungua ulikufa lini, na hivyo kukadiria umri wa kigae chenyewe.

Mtu akichimba shimo na kuchanganya udongo, tabaka hizo huvurugika. Hata akirudisha kila kitu shimoni, daftari limeshachanika.

Mifano ya majirani inaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2013, katika kisiwa cha Manda, Lamu, watafiti walipata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya wakati wa mfalme Yongle aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Sarafu za namna hiyo zinauzwa kwa watozaji wa sarafu katika nchi nyingi. Hii ilitangazwa duniani kwa sababu ilijulikana hasa ilikotoka, ikawa ushahidi wa mawasiliano ya pwani yetu na China ya mbali. Lau ingeokotwa na kuuzwa kimyakimya, ingekuwa sarafu kama nyingine.

Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, wachimbaji walikuta mifupa iliyochakaa kiasi cha kugeuka unga ikiguswa. Hawakuing'oa. Walilifunga bonge zima la udongo kwa plasta na kulipeleka maabara. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba hayo yalikuwa mazishi ya mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Hayo ndiyo mazishi ya binadamu ya zamani zaidi yaliyokuwa yamejulikana barani Afrika. Sururu moja ya mtafuta hazina ingetosha kuyafuta.

Sheria inasema nini

Sheria inayohusika ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Mambo muhimu kwa mkazi ni haya:

*Kitu cha kale ni kipi?* Ni kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mabaki ya watu, wanyama na mimea ya umri huo yaliyohifadhika ardhini yamo pia. Mwaka huo ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa, na ndio mwaka wa vita vya Mbaruk. Kwa hiyo vitu vingi vilivyolala katika viwanja vya nyumba za wakati huo vinalindwa na sheria.

*Kuchimba kunahitaji leseni.* Hairuhusiwi kutafuta kitu cha kale kilichofukiwa, iwe kwa kuchimba au kwa shughuli ya juu ya ardhi, bila leseni ya utafiti. Katazo hili linamhusu mwenye shamba pia. Kununua mashine ya kutambua vyuma si sawa na kupata leseni.

*Mwenye mali ni nani?* Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi wote. Hati ya shamba haikupi haki ya kuviuza.

*Kutoa habari.* Anayegundua kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia, au mnara wa kumbukumbu ya kale, anatakiwa kutoa habari kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata.

*Biashara na usafirishaji.* Kuuza na kununua vitu vya kale kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni anayekuomba umuuzie "ukumbusho" kutoka gofu la kijiji anakuomba uvunje sheria pamoja naye.

*Milango na meli.* Milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 inalindwa. Vivyo hivyo meli zilizozama zaidi ya miaka 50 iliyopita. Wavuvi na wapiga mbizi wa Shimoni, Gazi na Diani wakumbuke hilo wanapokuta nanga, mitungi au mbao za chombo chini ya maji.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, huku shughuli za utamaduni zikiwa chini ya kaunti. Ndiyo sababu leseni haitolewi na chifu, mzee wa kijiji wala ofisi ya wadi. Ukiletewa watu wanaosema wamekuja kuchimba, waombe leseni yao na vitambulisho kabla hawajagusa udongo. Watafiti wa kweli hawachukizwi na ombi hilo.

Uvumi wa hazina, na wanaofaidika nao

Karibu kila nyumba kuukuu ya pwani ina uvumi wake: tajiri alifukia sanduku kabla ya kukimbia, Mjerumani aliacha dhahabu vitani, jini analinda chungu cha fedha chini ya mbuyu. Simulizi za wazee ni urithi na zinafaa kuandikwa. Shida huanza pale mtu anapozigeuza kuwa biashara.

Matapeli hufika na "ramani", au na mashine inayolia popote, wakadai fedha za dawa, za kafara na za kumlipa mtaalamu. Wengine hutafuta "zebaki nyekundu" ndani ya cherehani na redio za zamani. Hakuna maabara iliyowahi kuthibitisha kwamba kitu hicho kipo. Wengine huuza sarafu kwa bei ya juu wakidai ni adimu sana. Mambo machache yatakusaidia usidanganyike:

- Riale ya Maria Theresa yenye tarehe 1780 si lazima iwe ya mwaka huo. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile kwa zaidi ya karne moja na nusu.
- Kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa sarafu zenye jina la Mombasa kuanzia mwaka 1888. Hizi ni za kabla ya 1895, na zikikutwa ardhini ni vitu vya kale kisheria.
- Heller za Wajerumani zilianza mwaka 1904. Rupia iliondolewa katika matumizi ya Kenya kuanzia 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata. Hizo senti zenye tundu ambazo wengi wanazo nyumbani si za kale kisheria, na nyingi zilitolewa kwa wingi.

Sarafu, bakuli na masanduku uliyorithi kwa bibi si vitu vya kuchimbuliwa, na hakuna anayekuja kukunyang'anya. Ila kama ni vya kabla ya 1895, masharti ya biashara na usafirishaji yanabaki palepale.

Hatari kwa maisha

Nyumba za zamani za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ikishalainika kwa mvua, ukuta unasimama kwa uzito wake tu. Shimo la mita moja kando ya msingi linaweza kuuangusha. Mashimo ya mchanga nayo hufunga ghafla, na aliye ndani hana muda wa kuruka nje. Visima vilivyofunikwa kwa mbao zilizooza huwa haviwezi kuonekana nyasi zikiota juu.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani yaliingia kutoka kusini, na mwezi Oktoba 1914 yalifika Gazi kabla ya kurudishwa nyuma. Januari 1915 vita vikali vilipiganwa Jasini, karibu na Vanga. Risasi na makombora ya wakati huo yanaweza kuwa bado hai. Chuma chenye umbo la chupa au yai kikigongwa kwa jembe kinaweza kuua. Usikiguse. Waondoe watoto, weka alama kwa mbali, kisha uarifu polisi.

Ukipata kitu, fanya hivi

1. *Simamisha kazi mahali hapo.* Unaweza kuendelea upande mwingine wa shamba au wa ujenzi.
2. *Usikitoe.* Kama bado kimelala ardhini, kiache kilivyo. Kifunike kwa turubai au udongo laini ili mvua na mifugo visikiharibu.
3. *Piga picha.* Weka kando yake kitu kinachojulikana ukubwa, kama kalamu au kiberiti. Piga nyingine kutoka mbali inayoonyesha mti, ukuta au njia iliyo karibu.
4. *Andika.* Tarehe, mahali, kina cha shimo, na nini kilikuwa karibu nacho.
5. *Usioshe, usisugue.* Ndimu, majivu na mchanga huifanya sarafu ing'ae lakini hufuta maandishi yake. Kama kimeshatoka, kiweke katika karatasi au kitambaa kikavu. Kilichotoka baharini kisikaushwe juani. Kihifadhi kikiwa majimaji hadi mtaalamu afike.
6. *Toa habari ndani ya siku saba.* Nenda kwa chifu au naibu wake, ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, au moja kwa moja kwa Makavazi ya Kitaifa, ambayo yana ofisi Fort Jesus, Mombasa. Uliza jina la aliyepokea ripoti na uandike tarehe.
7. *Usitangaze mitandaoni.* Picha yenye jina la kijiji inaweza kuwaleta wachimbaji wa usiku kabla ya mtaalamu.
8. *Ukikuta mifupa ya binadamu,* funika kwa heshima na uarifu polisi mara moja. Wao ndio watakaojua kama ni kaburi la zamani au jambo la karibuni.

Wakandarasi na wenye machimbo ya mawe wanakumbushwa kwamba tathmini ya athari za mazingira inahusu pia maeneo ya kihistoria. Ni nafuu kuyapima kabla ya kuleta tingatinga kuliko kusimamishwa kazi ikiwa nusu.

Yanayoruhusiwa, na yanahitajika

Kupenda mambo ya kale si kosa. Mtu anaweza kutembelea magofu yaliyo wazi kwa umma, kupiga picha, kuchora milango na kuandika majina ya mitaa ya zamani. Anaweza kukaa na wazee akawauliza kisima kilikuwa wapi, nani alijenga nyumba, mnazi gani ulipandwa na nani. Vilabu vya shule vinaweza kutengeneza ramani ya kijiji kutokana na simulizi hizo. Familia zenye barua na hati za zamani kwa herufi za Kiarabu zizihifadhi mbali na unyevu na mchwa. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji leseni, na mtaalamu akija siku moja, ramani na simulizi hizo ndizo atakazoziomba kwanza.

Faida ya kuacha vitu mahali pake si nadharia tu. Shimoni, wanajamii huwatembeza wageni katika mapango, na kiingilio hurudi katika shughuli za kijiji. Kinondo, wageni hulipa kutembezwa katika kaya kwa masharti ya wazee. Gazi tayari hupokea wageni wanaokuja kuona mikoko. Pango, kaya na nyumba ya kale huweza kuleta mapato mwaka baada ya mwaka. Kitu kikishauzwa hulipwa mara moja tu, na anayelipwa zaidi huwa ni mtu wa mwisho katika mlolongo, aliye mbali na Kwale.

Kurudisha kilichokwenda ni kazi ngumu. Majirani zetu wa Kilifi wanajua. Vigango viwili ambavyo familia moja iliwasimamishia ndugu zao marehemu viliibwa mwaka 1985. Kimoja kilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho jimboni Illinois, Marekani, na kikarejeshwa kwa wenyewe mwaka 2007. Ilichukua miaka 22, na kiliwezekana kurudi kwa sababu kilikuwa kimepigwa picha kikiwa kimesimama mahali pake. Kigae kilichochimbuliwa usiku hakina picha, hakina jina, na hakuna atakayejua kukidai.

Wananchi wanahimizwa kuwaarifu machifu na polisi wanapoona watu wakichimba katika magofu, makaburi, kaya au viwanja vya nyumba za kale bila kibali, hasa usiku.